Uchambuzi: Ziara ya Siku Moja ya Kuongozwa Kisiwani Hirta, St Kilda

Watazamaji wapenzi, leo ninachambua ziara ya boti kutoka Leverburgh, kusini mwa Harris nchini Uskoti, hadi Hirta, kisiwa kikuu cha St Kilda. Habari za injini na viti nitaziruka, kwani hupatikana katika tangazo la kila mwenye boti. Nitakaa mbele ya kibanda hiki cha mawe, kwa sababu ndicho kinachoipa ziara hii thamani.

Wenyeji walikiita cleit, na Hirta peke yake ina zaidi ya 1,200. Tazameni ukuta wake: mawe yamepangwa bila chokaa wala udongo wa kuyashikanisha, na paa limefunikwa kwa udongo uliokatwa pamoja na nyasi zake. Sasa naingiza mkono kati ya mawe haya mawili, unazama hadi kifundoni. Nikiingia ndani, upepo wa Atlantiki unanipiga usoni kupitia mianya hiyohiyo, ilhali sakafu ni kavu ingawa nje mvua inanyesha. Kwa upepo huu wakazi walikausha na kuhifadhi nyama ya ndege wa baharini, bila friji na katika kisiwa kisicho na miti.

Kiongozi wetu anastahili sifa. Alituingiza mmoja mmoja, akanyamaza mpaka kila mtu akauhisi upepo huo, ndipo akatueleza jinsi wakazi 36 wa mwisho walivyohamishwa tarehe 29 Agosti 1930, kwa ombi lao wenyewe.

Kinachoniudhi ni muda. Baada ya takriban saa tatu za kupigwa na mawimbi, tulipewa saa chache tu za nchi kavu, na nyingine zikamezwa na kupanda na kushuka kwa mashua ndogo ya mpira. Hata hivyo, kurudi kwa kupitia Stac Lee, mwamba wa mita 172 uliojaa ndege weupe aina ya gannet, kulinituliza kidogo.

Wengi mmeniuliza kuhusu Staffa, kisiwa kingine cha Uskoti, ambacho ni karibu na nafuu zaidi. Nguzo zake za basalti, yaani mwamba wa volkano, ni za ajabu kweli, na video yake ndiyo inayofuata katika chaneli hii, lakini huko hakuna kijiji cha kuingia.

Bei ya St Kilda ni kubwa. Mkipiga hesabu, ongezeni malazi ya siku moja ya akiba, kwa sababu bahari ikichafuka boti haiondoki.