Football Manager 2023: kabla hujasajili straika, muangalie fizio wako kwanza

Wadau, nina misimu sita kwenye hii gemu ya kompyuta, ambapo wewe ndo kocha mkuu wa klabu ya mpira, na timu moja ya League Two, daraja la nne kule Uingereza, na kilichonikamata sio usajili wala mechi, ni benchi la ufundi. Wale watu ambao hata hawaingii uwanjani ndo wanakubeba au wanakuzamisha.

Msimu wa kwanza hela yote nilimwaga kwa wachezaji. Kufika Novemba nina majeruhi saba, wanne ni misuli ya paja, beki wangu wa kati anarudi wiki moja anaumia tena palepale. Nikafungua wasifu wa fizio, yule anayetibu wachezaji, sifa zao zinaenda 1 mpaka 20, nikakuta kwenye kutibu majeraha ana 6! Mtaalamu wa sayansi ya michezo hatuna kabisa. Na huwezi kufukuza hovyo maana mkataba uliobaki unaulipa, ukimchukua aliyeko kwenye timu nyingine nako kuna fidia, kwahiyo nikavumilia mpaka Juni mkataba wake ukaisha, nikatafuta wasio na timu nikampata mwenye 14 kwa mshahara wa kawaida tu. Msimu uliofuata majeruhi wakapungua mpaka nikawa nawaza nani nimuweke benchi.

Maskauti, wale wanaotafuta wachezaji wa kusajili, nao nilikosea, niliwatuma Brazil, bajeti ya skauti ikakata kabla ya dirisha la Januari. Siku hizi wanaishia Uingereza na Ireland, hatuna uwezo wa kumlipa Mbrazil hata tukimuona.

Ila aliyenibadilishia timu ni mkuu wa soka la vijana. Watu wanampuuza sana huyu aisee. Tabia yake inaathiri tabia za madogo wanaopanda kila mwaka, kwa Uingereza wanakuja mida ya Machi, sasa mimi nilichukua mwenye nidhamu ya kazi hata kama sifa zake za kufundisha ni za kawaida, na Machi ya pili akaja kiungo wa miaka 16 ambaye leo ni nahodha wangu, hatukutoa hata paundi moja kumpata. Nilipiga picha ya skrini siku ile, ninayo mpaka leo.

Makocha usiwabebeshe mizigo, mmoja akifundisha ulinzi na mashambulizi kwa pamoja nyota zake, yaani alama za ubora wa mazoezi anayotoa, zinashuka, bodi ikikubana idadi ya nafasi endelea kuomba, mimi walikubali mara ya tatu baada ya kupanda daraja. Na kuajiri fanya mwenyewe, usimuachie msaidizi.

Hapa nilipo tupo League One, daraja la tatu, fizio wangu kapanda hadi 15, mkataba unaisha Juni na kuna timu ya juu inamnyemelea. Jana usiku nimempa ofa mpya nikazima laptopu bila kubonyeza kitufe cha kuendelea kinachosogeza siku mbele, naogopa jibu lake.