Kupinga ubaguzi wa rangi: Wazungu wakae peke yao au wachanganyike na Weusi?

Kwa Wazungu wa Marekani wanaotaka kuwajibika, mjadala huu haujaisha tangu 1966, pale SNCC, jumuiya ya vijana waliopigania haki za Weusi, ilipowataka wanaharakati Wazungu wakawaelimishe Wazungu wenzao.

Tuanze na gharama, maana hapo ndipo Weusi huumia zaidi. Katika kundi la mchanganyiko, Mweusi hujikuta akisimulia machungu yake ili mwingine ajifunze, kisha ambembeleze anayelia kwa aibu. Ni mzigo mzito, na haulipwi. Wazungu wakikaa peke yao, maswali ya mwanzo na machozi wanayabeba wenyewe. Hapa kundi lao linashinda.

Kwenye kusikiliza, mambo hugeuka. Nani atawakosoa wakijidanganya? Wanaweza kupongezana mwaka mzima na mtaani kusibadilike kitu. Ndiyo maana SURJ, mtandao wa Wazungu wanaopinga ubaguzi ulioanzishwa 2009, husisitiza kuwajibika kwa mashirika yanayoongozwa na watu wasio Wazungu.

Na matokeo? Chicago, mwaka 1969, Young Patriots, vijana Wazungu maskini, waliungana na Black Panthers, chama cha Weusi, na Young Lords, kundi la vijana wenye asili ya Puerto Rico. Walijipanga kwao, wakapambana pamoja.

Basi wewe uliye ughaibuni, ukiulizwa na Mzungu mfanyakazi mwenzako aanzie wapi, tazama hatua aliyopo. Akiwa bado anajitetea kila ubaguzi ukitajwa, mwelekeze kwa Wazungu wenzake. Akiwa tayari yumo kwenye chama cha wafanyakazi pamoja nanyi, asijitenge: aje mkutanoni, asikilize, na kazi atakayopewa aifanye, hata ikiwa ni kupanga viti.