Kutoka GT86 hadi Leaf: miezi 14 ya kwenda na kurudi kazini

Kwa miaka sita nilikwenda kazini na Toyota GT86, gari la spoti. Kilomita 31 kwenda, 31 kurudi, siku tano kwa wiki. Niliinunua kwa mapenzi, na mapenzi hayo hayajaisha. Ndiyo maana nimesubiri miezi 14 kabla ya kuandika haya: nilitaka uchungu wa kuiuza upoe kwanza, nisije nikaionea Nissan Leaf, gari la umeme nililolinunua badala yake, kwa kosa la kutokuwa gari jingine.

Nianze na lile la zamani. GT86 ilitoka mwaka 2012, Toyota na Subaru wakiwa wameiunda kwa pamoja. Injini ya lita 2, silinda nne zilizolazwa chali, mbili kila upande, nguvu farasi 200, gia sita za mkono, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Uzito wake ni kilo 1,240 hivi. Unakaa chini kabisa, na usukani unakuletea mikononi kila kinachopita chini ya tairi: changarawe, rangi ya mistari, maji kidogo yaliyotuama. Torki yake, yaani nguvu ya kuzungusha, kubwa kabisa ni Nm 205, na huipati mpaka injini ifikishe mizunguko 6,400 kwa dakika. Chini ya hapo, katikati ya 3,500 na 4,500, inapwaya kidogo. Kila aliyewahi kuiendesha anapajua mahali hapo. Ukishapavuka, gari zima linaamka.

Sasa liingize gari hilo kwenye foleni ya saa moja asubuhi. Mshale wa mizunguko haupandi kupita 2,000. Gia ya kwanza, ya pili, ya kwanza tena, nyutro, breki. Siku moja niliamua kuhesabu: kwenye kipande cha kilomita nne kabla ya daraja, nilikanyaga klachi mara 112. Ikifika Alhamisi goti la kushoto lilikuwa linaniuma nikipanda ngazi za ofisini. Gari lililoundwa liishi kwenye mizunguko 7,000 nilikuwa nalivuta kama mkokoteni, na kila jioni nilijiambia kwamba Jumapili nitalipeleka mahali penye kona. Jumapili nyingi sikulipeleka.

Leaf niliyonunua ni ya kizazi cha pili, kile kilichotoka mwaka 2017, yenye betri ya kilowati-saa 40. Niliikuta imeshatumika. Mota yake ina kilowati 110 na torki ya Nm 320, na torki hiyo ipo tangu gari likiwa limesimama. Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo. Ukisoma takwimu za kiwandani, GT86 hufika kilomita 100 kwa saa ndani ya sekunde 7.6, na Leaf 7.9, unaweza kudhani ni magari ya kasi moja. Lakini ile ya kwanza inakupa raha yake juu, kwenye mwendo ambao safari ya kazini haikuruhusu kuufikia. Leaf inakupa kila kilicho bora ndani yake kati ya 0 na 50, na huko ndiko ninakoishi mimi kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Asubuhi ya kwanza naikumbuka vizuri. Kabla ya daraja kuna mwinuko, na foleni husimama palepale kwenye mwinuko. Kwa miaka sita hapo palikuwa pa klachi nusu, breki ya mkono, na harufu ya klachi ya mtu wa mbele ikiingia dirishani. Nikawasha kile Nissan wanachokiita e-Pedal, nikaenda na pedali moja tu. Ukiikanyaga, gari linakwenda. Ukiilegeza taratibu, linapunguza mwendo lenyewe, mota ikigeuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Ukiiachia kabisa, linasimama na kujishikilia papo hapo kwenye mwinuko, taa za breki zikiwaka nyuma. Gari la mbele likasogea mita mbili, nikasogea mita mbili. Likasimama, nikasimama. Hakukuwa na mtikisiko wowote. Mguu wa kushoto ulikuwa umetulia sakafuni, nami nikagundua kwamba nilikuwa nasikiliza habari redioni na kuzielewa mpaka mwisho. Nilifika ofisini nikiwa na nguvu zilezile nilizotoka nazo nyumbani.

(Bado nasema "kanyaga mafuta" ninapomfundisha binti yangu kuendesha, na yeye hunielewa. Sidhani kama neno hilo litatuhama.)

Kuna jambo lililonishangaza kuhusu matumizi. Gari la petroli hula zaidi kwenye foleni kuliko kwenye barabara kuu, kwa sababu injini inaunguruma hata likiwa limesimama, na kila ukipiga breki nguvu uliyoinunua inageuka joto na kupotea. Gari la umeme liko kinyume. Likisimama, mota haili kitu. Kinachoendelea ni kiyoyozi, redio na taa tu. Linachokiogopa ni upepo wa mwendo mkubwa. Yangu kwenye foleni hutumia kilowati-saa 14 au 15 kwa kilomita 100, ila nikiifukuza 120 kwenye barabara kuu hupanda hadi 20 au zaidi. GT86 kwenye njia hiyohiyo ilikuwa inakunywa lita 11 kwa kilomita 100. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban kilowati-saa 9. Kwa hiyo safari yangu ya kilomita 62 kwa siku, ambayo sasa inamalizwa na kilowati-saa 9, zamani ilikuwa inateketeza karibu 60. Nyingi zilitoka kwa njia ya eksozi na rejeta, zikiwa joto tu.

Nyumbani nachaji usiku. Nilianza na soketi ya kawaida, ambayo hutoa kilowati mbili na kidogo. Saa nne au tano zinatosha kurudisha nilichotumia siku nzima. Baadaye fundi umeme aliyesajiliwa alinifungia chaja ya ukutani yenye laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la umeme. Simalizi betri wala siijazi mpaka juu kila siku: huiacha kwenye 80 kwa mia, na asilimia 100 naiweka kwa safari ndefu tu. Betri za lithiamu hazipendi kukaa zimejaa kabisa kwa muda mrefu, hasa kwenye joto.

Njiani mambo ni tofauti, na hapa nina malalamiko. Usiku mmoja nilirudi kutoka msibani, betri imebaki asilimia 9, nikafika kwenye chaja ya umma ambayo programu kwenye simu ilionyesha ni nzima na haina mtu. Kioo kilikuwa cheusi. Nambari ya msaada iliita mpaka ikakatika, mara tatu. Chaja nyingine ilikuwa kilomita 14 mbele. Nilizima kiyoyozi, nikaenda 50 kwa saa na taa za hatari zikiwaka pale malori yaliponikaribia, nikafika na asilimia 2. Sikuwa peke yangu garini. Mama yangu alikuwa kiti cha nyuma. Kampuni inayoacha programu idanganye hivyo inamweka mtu gizani na wazee wake, na nasema hivi nikiwa bado na hasira. Tangu siku ile siondoki bila kujua chaja mbili, si moja.

Ukitaka Leaf kwa safari ndefu za mara kwa mara, jua pia kwamba betri yake inapozwa kwa hewa tu, haina maji ya kupoza. Kuchaji kwa kasi mara ya kwanza ni sawa, mara ya pili siku hiyohiyo huwa polepole kwa sababu betri imeshapata joto na kompyuta inailinda. Soketi yake ya chaji ya kasi ni ya mtindo wa CHAdeMO, ambao watengenezaji wengi wameuacha na kuhamia CCS au mitindo mingine. Kwa mtu wa kilomita 62 kwa siku, hayo mawili hayanigusi. Kwa muuzaji anayezunguka mikoani, ningesema atafute gari jingine la umeme.

Nilichopoteza ni kona. Leaf ina karibu kilo 1,600. Uzito wa betri umelala sakafuni, kwa hiyo haiyumbi kama nilivyohofia, lakini usukani wake uko kimya. Unageuza, gari linageuka, basi. Nakosa mkono wa kushoto kwenye gia, ule mgongano mdogo wa chuma ukitoka ya tatu kuingia ya nne. Nakosa kugeuka nyuma kulitazama nikishalifunga. Kijana aliyeinunua GT86 yangu alikuja na baba yake. Aliwasha injini, akafunga macho kidogo. Nilimpa na soksi ya gia niliyokuwa nimeishonesha kwa ngozi.

Ukimya nao una kazi yake. Kwenye maegesho watu hawakusikii. Wiki ya pili mama mmoja alirudi nyuma akivuta toroli la mizigo moja kwa moja mbele ya boneti yangu. Hakuwa na kosa lolote. Umoja wa Ulaya tangu Julai 2019 umelazimisha aina mpya za magari ya umeme zitoe sauti zikiwa kwenye mwendo mdogo, na naona ni sheria nzuri. Mimi bado huenda mwendo wa mtu anayetembea mpaka nitoke getini.

Kama unanunua iliyotumika, tazama vijiti 12 vyembamba pembeni mwa kipimo cha betri kwenye dashibodi. Hivyo havionyeshi chaji, vinaonyesha afya ya betri. Kikipungua kimoja, betri imeshapoteza kama asilimia 15. Na breki zitazame kwa macho: kwa kuwa mota ndiyo inayopunguza mwendo, diski zinaweza kushika kutu kwa kutotumika. Mimi mara moja kwa wiki, barabara ikiwa tupu, huzima e-Pedal na kukanyaga breki kwa nguvu mara tatu nne.

Mwenzangu wa ofisini, ambaye ana gari la spoti na safari ya kazini kama yangu, aliniomba mwezi uliopita nimwache aijaribu Leaf. Nilimwambia asilipeleke barabara kuu. Nilimpa funguo saa kumi na moja jioni na kumwelekeza darajani, foleni ikiwa imeiva. Alirudi baada ya dakika 50. Hakuuliza kasi. Aliniuliza kama waya wa kuongezea wa mita 20 unaweza kufika kutoka jikoni kwake hadi anapoegesha. Nilimwambia asithubutu kuchaji kwa waya wa kuongezea, nikampa nambari ya fundi wangu.