Alkoholi ya isopropili kwa gundi ya stika

Game Boy yangu, ile mashine ndogo ya michezo ya video ya mkononi, niliipata ikiwa imeshatumika, mgongoni ina mabaki ya stika, gundi imenasa vumbi mpaka imekuwa nyeusi. Alkoholi ya isopropili imeimaliza. Unatoa betri, unalowesha kitambaa laini, unakilaza juu ya gundi kidogo, kisha unasugua kwa kidole. Inajiviringa na kutoka kama taka za kifutio. Kasha lake, ambalo ni la plastiki ngumu iitwayo ABS, halikupauka wala kukwaruzika. Kasoro yake inakauka upesi mno, na maandishi yaliyochapwa inaweza kuyafuta, kwa hiyo hapo nilizunguka kwa ncha ya pamba. Kioo cha skrini usikiguse nayo: ni plastiki angavu ya akriliki, na alkoholi huitia nyufa ndogondogo. Asetoni ndiyo usithubutu kabisa, inayeyusha ABS.