Nimetumia Astropy kwenye jeti za SS 433, uzoefu wangu

Nimekaa na Astropy, maktaba ya Python ya kazi za astronomia, kama miezi miwili hivi kwa projekti ya chuo, kazi yenyewe ilikuwa kujua mstari wa haidrojeni wa SS 433 (yaani urefu wa wimbi wa mwanga unaotoka kwenye haidrojeni yake) utakuwa wapi siku yoyote utakayonitajia. Kwa asiyeijua, SS 433 ni mfumo wa nyota pacha kule kwenye Aquila, zinazungukana kila siku 13 hivi, mmoja ananyonya gesi ya mwenzake halafu anatema jeti mbili, yaani mikondo ya gesi, moja huku moja kule, kwa asilimia 26 ya kasi ya mwanga, na jeti zenyewe zinayumba kama pia inayotaka kuanguka, mzunguko mmoja siku 162. Ndo maana mstari unaotakiwa kukaa nanomita 656 unahama mpaka 770 huko na wa jeti ya pili unashuka hadi 590, yaani ukichora grafu unaona nyoka wawili wanapishana, inapendeza sana.

Astropy ni ya bure, na ukishaiweka kwenye kompyuta kazi kama hii haili bando. Nilichopenda zaidi ni vizio, ukijumlisha kilomita na sekunde inagoma hapo hapo. Na Lomb-Scargle yake, ile njia ya kutafuta mizunguko inayojirudia kwenye data, ni dawa, data zangu zilikuwa na mapengo kibao lakini kilele kikasimama palepale kwenye siku 162.

Sasa hapa muwe makini maana mimi nilipoteza wiki nzima. Kuna fomula iliyo tayari humo, doppler_relativistic, ya kugeuza kasi kuwa kuhama kwa mstari, nikachukua ile sehemu ya kasi inayotuelekea nikaiingiza humo nikajua nimemaliza, kumbe mistari yangu inapishana 656 wakati kwenye data inapishana 680! Ile fomula ni ya kitu kinachokuja au kwenda moja kwa moja kwenye mstari wa macho. Jeti ikikaa ubavu haitusogelei wala haitukimbii, lakini mwanga wake bado unahamia upande wa mwekundu kwa asilimia 3.6, kwa sababu saa ya kitu kinachokimbia hivyo inachelewa. Kwa hiyo andika fomula yako, moja toa beta (kasi ya jeti ukigawa kwa kasi ya mwanga) mara kosaini ya pembe kati ya jeti na mstari wa macho kwa jeti inayokuja, jumlisha kwa inayokwenda, zote mara gama, ile namba ya saa kuchelewa. Mistari minne tu ya Python na nyoka wote wawili wakakaa juu ya data.

Halafu nikapitisha yale mabaki, yaani tofauti kati ya data na modeli, kwenye Lomb-Scargle tena, kikatokea kilele kidogo cha siku 6.3, ndo ule mtikisiko wa mvuto wa nyota mwenza kwenye diski ya gesi inayomzunguka yule anayenyonya. Huo bado sijauweka kwenye modeli, naanza nao wikiendi hii.