Kozi za Teams, SharePoint na Google Workspace: ipi ulipie biashara ikiwa imelala?

Hamjambo nyote, karibuni. Leo mezani tuna bidhaa isiyoshikika mkononi, nayo ni kozi. Nazungumzia kozi za kuwafundisha wafanyakazi kutumia Microsoft Teams (ya gumzo na mikutano ya ofisi), SharePoint (hifadhi ya faili za kampuni) na Google Workspace (barua pepe na faili za Google), ambazo hapa Mombasa utazipata kwa namna nne: kujisomea mtandaoni bure, darasani kwa siku tano, mubashara kwa video, na mkufunzi kuja ofisini kwenu. Hoteli za Nyali na Bamburi zisipojaa, na mawakala wa kutoa mizigo bandarini wakianza kuhesabu makontena kwa vidole, bajeti ya mafunzo ndiyo hukatwa kwanza. Rai yangu ni moja: kozi utakayoilipia mwaka mgumu lazima ijilipe yenyewe. Muuzaji akishindwa kukuonyesha itajilipaje, mwachie kozi yake.

Tuanze na leseni, yaani ada mnayolipa kwa kila mtumiaji, maana pesa nyingi huvujia hapo. Fungua orodha ya watumiaji wa kampuni yako. Mara nyingi utakuta akaunti ya maulizo, ya uhasibu na ya kuwekea nafasi za vyumba, kila moja inalipiwa leseni kamili kila mwezi kana kwamba ni mtu. Kwenye Microsoft 365, kifurushi chenye barua pepe, Teams na SharePoint, akaunti kama hiyo unaweza kuigeuza sanduku la barua la pamoja, ambalo halihitaji leseni mradi halijapita gigabaiti 50. Ila fuata mpangilio. Kwanza ligeuze sanduku leseni ikiwa bado ipo. Pili, ongeza watu watakaolisoma. Tatu, zuia akaunti hiyo isiweze kuingia kwa nenosiri. Leseni uiondoe mwisho. Ukianza kwa kuondoa leseni, sanduku linatengana na akaunti na una siku 30 tu za kuliokoa. Na akaunti yenyewe usiifute, kwa sababu sanduku linaiegemea.

Hapo wengi hushangilia mapema. Kumvua mtu leseni hakupunguzi bili. Lazima uende sehemu ya malipo upunguze idadi ya leseni mlizonunua, na kama mko kwenye mkataba wa mwaka mzima, idadi hupungua siku 7 za mwanzo au wakati wa kuuhuisha mkataba. Basi andika tarehe hiyo kwenye kalenda ya ofisi leo hii. Kwa upande wa Google, usinunue akaunti kwa ajili ya anwani ya maulizo. Mtumiaji mmoja anaweza kupewa anwani mbadala hadi 30 bila malipo ya ziada.

Wenye hoteli, kuna leseni za wafanyakazi wa mstari wa mbele, kwa wahudumu, madereva na watu wa usafi. Ile ya Microsoft iitwayo F3 ina sanduku la barua la gigabaiti 2 na hifadhi ya faili ya gigabaiti 2. Mhudumu anayeangalia zamu yake kwenye simu, hizo zinamtosha. Mhasibu hazimtoshi, usijaribu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji wa kozi ni hili: mnafundisha haya ya leseni? Akikuambia hayo ni ya fundi wa mitambo, yeye anafundisha kubonyeza vitufe. Vitufe hivyo vijana wenu watavijua wenyewe ndani ya wiki moja.

Sasa gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Chukua ofisi ya watu 12 pale Moi Avenue, tuseme kila mtu siku yake ya kazi ina thamani ya shilingi 2,000. Ukiwapeleka wote darasani siku tano, hizo ni siku 60 za kazi, yaani shilingi 120,000, na bado hujamlipa mkufunzi hata senti. Mpango mwingine ni huu: chagua watu wawili wafundishwe saa 12 kila mmoja, na wale 10 wapate vipindi viwili vya saa moja na nusu. Jumla ni saa 54, chini kidogo ya siku 7 za kazi, yaani shilingi 13,500. Tofauti hiyo inamlipa mkufunzi mzuri kuja ofisini na chenji inabaki.

Wawili hao usiwachague kwa vyeo. Mchukue yule ambaye watu humwendea wakikwama, na mwingine kutoka idara yenye makaratasi mengi. Meneja akijichagua mwenyewe, atatoka darasani kila simu inapolia.

Tuje kwenye kumpima mkufunzi kabla ya kumlipa. Hili nitalionyesha pole pole, tazameni skrini. Nina akaunti mbili za majaribio. Ya kwanza inaburuta faili ya hati ya shehena na kuitupa ndani ya gumzo la watu wawili kwenye Teams. Ya pili imeipokea, imeifungua, kila kitu safi. Sasa twende OneDrive ya aliyetuma, yaani hifadhi yake binafsi ya faili. Mnaiona folda imejitengeneza, imeandikwa Microsoft Teams Chat Files? Faili iko humo. Haiko kwenye hifadhi ya kampuni, iko kwenye kabati la mtu mmoja, na mwenzake amepewa ruhusa tu ya kuifungua. Sasa naituma faili ileile kwenye chaneli ya timu, ule ukumbi wa mazungumzo wa kikundi kizima. Safari hii imekwenda SharePoint, kwenye maktaba ya timu, ndani ya folda yenye jina la chaneli. Hapa ni mali ya ofisi.

Je, yule aliyetuma kwenye gumzo akiacha kazi na akaunti yake ikafutwa? Kwa mpangilio wa kawaida OneDrive yake hukaa siku 30, kisha huingia pipa la taka kwa siku 93, ambako admini peke yake ndiye anayeweza kuitoa. Zaidi ya hapo imepotea. Mwaka mgumu ndio mwaka wa kupunguza watu, na ndipo ofisi hugundua kwamba mikataba ya wateja iliondoka na mtu aliyeachishwa miezi mitano nyuma. Google nako mambo yanafanana. Faili iliyo kwenye Drive ya mtu ni ya mtu huyo, na mtumiaji aliyefutwa anaweza kurudishwa ndani ya siku 20 tu. Faili iliyo kwenye drive ya pamoja ni ya kampuni, nani aende nani abaki. Hakikisheni lakini kama leseni yenu inazo drive za pamoja, maana si kila leseni inazo.

Muulize mkufunzi: faili niliyotuma kwenye gumzo inakaa wapi? Akijibu kwamba iko kwenye Teams, mshukuru na umuage. Teams ni dirisha tu, haiweki faili. Muulize pia chaneli ya faragha ina tofauti gani na chaneli ya kawaida. Jibu ni kwamba ya faragha huzaa tovuti yake tofauti ya SharePoint, yenye ruhusa zake. Ukizifungua ovyo, baada ya mwaka una tovuti 15 ambazo hakuna anayejua nani anaingia wapi. Na ukitaka kujua kama amezama kweli, muulize kwa nini orodha ya SharePoint huanza kugoma ikionyesha vitu zaidi ya 5,000. Anayejua atakuambia habari ya hifadhidata iliyo chini yake: ikilazimika kufunga mistari mingi kiasi hicho kwa mpigo hufunga jedwali zima na watumiaji wengine wanakwama, ndiyo maana kukawekwa kikomo. Dawa yake ni kuweka faharasa (index) kwenye safu wima unayochujia, kabla orodha haijafika huko.

Kozi zilizochacha nazo zipo nyingi sokoni, na wakati wa shida huuzwa kwa bei ya kutupa. Ziko na dalili. Ukiona kwenye ratiba Skype for Business Online, hiyo ilifungwa Julai 2021. Ukiona MCSE, mfumo huo wa vyeti ulifungwa Januari 2021. Ukiona G Suite, jina hilo lilibadilika kuwa Google Workspace mwaka 2020, na aliyeshindwa kubadilisha jina kwenye slaidi zake hajabadilisha na yaliyomo. SharePoint Server 2016 na 2019, msaada wake mwisho ni tarehe 14 Julai 2026, kwa hiyo usilipie kozi ya kuzisimika. Nyingine ni kozi inayokuambia ukajiandikishe mpango wa watengenezaji programu wa Microsoft upate mazingira ya mazoezi bure. Tangu 2024 mlango huo umebanwa, haumpokei kila anayebisha. Mwanafunzi anafika siku ya kwanza, hana pa kufanyia mazoezi, anakaa akitazama skrini ya mwalimu siku nzima. Uliza mapema na kwa maandishi: kila mwanafunzi atakuwa na akaunti yake ya msimamizi ya kufanyia mazoezi?

Vyeti nitavipitia haraka. Mtihani wa MS-700 wa kusimamia Teams unapita kwa alama 700 kati ya 1,000, na cheti chake hudumu mwaka mmoja. Kukihuisha ni bure, mtandaoni, kwenye Microsoft Learn, tovuti ya mafunzo ya Microsoft, na dirisha hufunguka miezi sita kabla ya kuisha. Anayekutoza ada ya kuhuisha anakuuzia maji ya bahari ufukweni. Vya ngazi ya msingi haviishi muda. Kwa ofisi ndogo, cheti kimoja kwa yule anayesimamia mifumo yenu kinatosha, na kabla ya kulipia fungua ukurasa wa mtihani uone kama haujatangazwa kufungwa. Kwa anayetafuta kazi mambo ni tofauti, huyo cheti kinamsaidia kuitwa kwenye usaili, lakini aanze na masomo ya bure kwanza.

Basi tuzipange zile namna nne. Ya kujisomea bure kwenye Microsoft Learn na kituo cha mafunzo cha Google Workspace ni nzuri mno kwa mtu mmoja mwenye nidhamu. Kwa ofisi nzima haifanyi kazi, kwa sababu haijui faili zenu. Ya darasani siku tano, kwa mwaka kama huu, siipendekezi hata kidogo. Ya mubashara inafaa kwa wale wawili, mradi darasa lisizidi watu 12 na muingie kamera zenu zikiwa zimezimwa mkufunzi akiwa anafundisha, la sivyo video ya saa moja inaweza kumeza gigabaiti nzima ya bando. Ya mkufunzi kuja ofisini ndiyo chaguo langu, kwa sharti moja lisilo na mjadala: afundishe kwenye faili zenu, si mfano wa kampuni ya kubuni.

Maana yake nini? Asubuhi ya kwanza mnafungua lile kundi la WhatsApp la ofisi. Humo mnakuta orodha ya bei imetumwa Jumatatu, mtu akaihifadhi kwenye simu, akarekebisha, akairudisha, na sasa kuna nakala nne na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Mnaipandisha moja tu kwenye maktaba ya timu, wawili wanaifungua kwa pamoja, na wote wanaona mwenzao akiandika kwenye kisanduku chake. Kisha mkufunzi anaiharibu makusudi na kuwaonyesha jinsi ya kurudisha toleo la jana. Zoezi hilo la dakika 20 hubadilisha ofisi kuliko slaidi 100. Baada ya hapo ni majina: faili ianze na mwaka, mwezi, siku, ndipo jina la mteja. Msizamishe folda ndani ya folda, kwa sababu njia nzima ya faili ikipita herufi 400 SharePoint huikataa.

Halafu viungo. Nakala za vitambulisho na PIN za KRA (namba za mlipakodi) za wateja wenu zisitumwe kwa kiungo kinachofunguka kwa yeyote aliyekipata. Chagua watu maalumu, weka tarehe ya kuisha. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kiungo kikishazunguka kwenye simu za watu hukirudishi.

Waajiri, mnalipa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Ofisi ya watu 12 hiyo ni shilingi 7,200 kwa mwaka. Mwajiri anayelipa tozo hiyo anaweza kuomba kurudishiwa sehemu ya gharama za mafunzo, lakini idhini hutangulia mafunzo, na mkufunzi awe amesajiliwa nao. Wanacho kituo hapa Mombasa, kwa hiyo nendeni mkaulize masharti kabla ya kusaini chochote.

Tarehe nayo ipangwe kwa akili. Msiweke karibu na tarehe 9, siku ya mwisho ya PAYE (kodi ya mishahara), wala tarehe 20 ya VAT (kodi ya ongezeko la thamani), mhasibu hatakuja na yeye ndiye mnayemhitaji zaidi. Na kwenye mkataba na mkufunzi gawanyeni malipo: sehemu kubwa siku ya mafunzo, iliyobaki baada ya siku 30, akirudi kwa saa mbili. Siku hiyo muombe mtu yeyote asiyekuwa mmoja wa wale wawili atoe hati ya mteja wa mwezi uliopita bila kumpigia mtu simu. Mpe dakika mbili.