Nilikodi mashine ya kukausha hewa kwa stoo iliyoota kuvu: uzoefu wangu, Chumbageni, Tanga

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Shilingi 15,000 kwa siku, nimekaa nayo siku tisa, kuleta na kuchukua ni juu yao. Umeme juu yangu: ilikuwa inakula kama uniti saba kwa siku, na LUKU yangu niliiona ikiteremka kwa macho.

Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, na ina stoo ya chini unayoiingia kwa kushuka ngazi sita. Nusu ya ukuta imezama ardhini. Humo tunaweka kila kitu ambacho hatuna moyo wa kukitupa. Mwezi wa nne tulikwenda msibani Lushoto siku nne. Huku nyuma boya la simtanki likakatika, maji yakamwagika usiku na mchana yakishuka zile ngazi. Tuliporudi yalikuwa yanafika kwenye vifundo vya miguu. Tukachota kwa ndoo, tukapiga deki, tukaacha mlango wazi, tukajiona tumemaliza. Kumbe kuvu ikipata kitu kilicholowa, siku moja au mbili zinaitosha kuanza. Sisi tulishaipa nne, na masika ndiyo kwanza imekolea.

Wiki ya pili bibi akaagiza sanduku lake la kanga. Kanga ya juu ilikuwa safi. Ya tatu ina madoa meusi kama mtu kaipulizia masizi, na ubao wa chini wa sanduku umeota manyoya ya kijani, ukivuta pumzi karibu yanatikisika. Bibi akainusa, akaikunja tena taratibu. "Hii hata nikiifua mara tatu itanuka, mjukuu wangu."

Fundi wa kwanza (simtaji) alipuliza jiki ukutani, akapiga lipu ya saruji juu ya lipu ya zamani, akamalizia na rangi ya mafuta. Ikapendeza! Siku ishirini baadaye rangi ikaanza kuvimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji na unga mweupe wa chumvi. Jiki inang'arisha doa juu, lakini maji yake yenyewe yanazama ukutani yakailishe kuvu iliyo ndani. Jirani akanishauri nichanganye jiki na siki ipate nguvu. Jamani, msithubutu. Mchanganyiko huo unatoa gesi ya klorini, na mama yangu ana pumu.

Ndipo nikaikodi mashine. Ina ukubwa wa friji ndogo, inavuma kama feni kuukuu, na ina ndoo ya lita nne. Kijana aliyeileta alikuja na kipima unyevu, kale kenye meno mawili unayoyachomeka ukutani, akanionyesha namba pale pale. Hilo nampa maua yake, kwa sababu tangu siku hiyo sikuwa nakisia tena. Usiku wa kwanza tulimwaga ndoo mara mbili. Siku ya pili ikajaa mara nyingi zaidi, nikafurahi nikidhani ni maji ya ukuta, kumbe mama alifungua kidirisha "stoo ipate hewa". Mashine ikawa inahangaika na hewa ya bahari huku ukuta unangoja zamu yake. Kwa hali ya hewa ya Tanga, ukiwasha kitu hiki funga mlango, funga dirisha, ziba hata tundu la paka.

Sasa kasoro. Ndoo ikijaa inazima kimya, haipigi hata mlio, kwa hiyo usiku mzima unaweza kupotea. Waya wake mfupi. Na walichelewa kuileta siku nzima, simu inaita haipokelewi. Ila kasoro kubwa si ya mashine. Siku ya tano namba za ukutani ziligoma kushuka, wakati hewa ya chumba ilishakuwa kavu. Kijana akasema niongeze siku. Nikaongeza mbili bure, yaani bure kwa maana ya hasara.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja wa Ngamiani anayefanya kazi za chokaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku tayari anagonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Mmemvika mtu koti la mpira, halafu mnashangaa anatoka jasho." Saruji ni ngumu, haipitishi unyevu kirahisi, ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Maji yalifungiwa katikati, na mashine haiwezi kuyavuta kupita rangi ya mafuta. Tukabandua lipu yote hadi kwenye mawe. Kabla ya kukwangua tulilowesha sehemu zenye kuvu ili vumbi lake lisiruke, tukavaa barakoa za N95, mama akahamia kwa shangazi Mikanjuni. Vipande vya jipsam vilivyolowa na boksi zote tulitupa. Vitu hivyo havisafishiki.

Baada ya kubandua, siku mbili za mashine zilifanya kazi kuliko saba za mwanzo. Halafu mzee akapiga lipu mpya ya chokaa, akaamuru mashine izimwe kabisa. Nikabisha, nimeshalipia! Akanieleza kwamba chokaa changa hukomaa polepole kwa kuvuta hewa, ukiikausha kwa pupa inapasuka. Alikuwa anainyunyizia maji asubuhi na jioni, mimi roho inaniuma kuona maji yanarudi kwenye ukuta ule ule.

Sasa ni mwezi wa tisa. Ukuta umepakwa chokaa nyeupe, hauna doa, harufu imeisha isipokuwa kwenye pembe moja nyuma ya mlango, nayo naifuatilia. Mashine naipa nyota nne kwa tano, na ningeikodi tena, lakini siku ile ile ya mafuriko, na baada ya kujua ukuta wangu umevaa nini. Maboya nimenunua mawili: moja liko kwenye tanki, la pili liko kabatini pamoja na kanga za bibi.